Zege chini ya pevingi za uani

Umeuliza kama ni lazima kumwaga zege chini ya pevingi (matofali ya kutandaza chini) za uani. Hapana mkuu, kama ni eneo la kukaa na kupita kwa miguu tu, zege si lazima. Toa udongo wote wa juu wenye mizizi, mwaga moramu (udongo wa changarawe) sentimita 10, nyunyizia maji kidogo, shindilia kwa mashine, ndipo uweke mchanga wa sentimita 3 mpaka 5 uliosawazishwa kwa rula ndefu. Pevingi nyingi zinazobonyea zimeponzwa na moramu isiyoshindiliwa, na kuongeza mchanga hakuokoi kitu.

Nafanya kazi hii Nyegezi na Igoma. Kinachosumbua huku Mwanza ni majabali: unakuta nusu ya ua iko juu ya mwamba, nusu juu ya kifusi. Upande wa kifusi ndio utatitia, kwa hiyo ushindilie tabaka kwa tabaka, usijaze mara moja.

Mteremko uwe kama sentimita 1.5 kwa kila mita, maji yakimbie ukuta. Mvua ya huku haibembelezi.

Ila udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi, uchimbe zaidi. Na kama gari litaegeshwa hapo, nunua pevingi za unene wa sentimita 8, siyo 6.