Umejiandikisha mbio za milimani ukiwa ughaibuni? Jifunze kushuka

Vijana kadhaa wa Malindi wanaofanya kazi Italia wameniandikia kwa nyakati tofauti wakiwa na shida moja: wamejiandikisha kwenye mbio za milimani, ada wamekwisha kuilipa, na sasa kila wakiitazama ramani wanatamani ardhi ipasuke iwameze. Wengi walijiandikisha kama nilivyojiandikisha mimi, usiku baada ya zamu, jikoni watu wakitaniana, kwa kubonyeza simu mara chache tu. Mimi huwajibu kwamba pupa ya kujiandikisha si neno. Kinachomwumiza mtu wa pwani ni kuitumia miezi iliyobaki kujiandaa kwa kupanda tu, ilhali kitakachomtoa mashindanoni, mara nyingi, ni kushuka.

Jinsi mtu anavyofikia kubonyeza hiyo simu inaeleweka. Waitaliano si wageni kwetu tangu walipojenga kituo cha kurushia setilaiti pale Ngomeni katika miaka ya 1960, na vijana wengi wa Malindi huijua lugha yao ufukweni kabla hata hawajapata pasipoti. Kwa hiyo kijana akipata kazi ya msimu katika hoteli ya milima ya Alpi, lugha haimsumbui sana. Kinachomponza ni kwamba wenzake wakisikia Kenya tu, wamekwisha kumvisha viatu vya kukimbilia. Dhana hiyo haikutoka hewani, maana mwaka 2017 Mkenya Lucy Wambui Murigi alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za milimani huko huko Italia, mjini Premana. Lakini wenzako hao hawajui kwamba Iten, wanakofanyia mazoezi wakimbiaji wetu, iko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,400, na mtoto wa Muyeye, mtaa wa Malindi, amekulia usawa wa bahari, mahali ambapo kilima kirefu alichowahi kukipanda ni ngazi za msikiti. Sifa ni tamu, hasa kwa mtu ambaye kutwa nzima anaosha masufuria ya wengine, nami simlaumu anayezipokea.

Mjomba wangu, ambaye ni mvuvi, nilipompigia simu kumwamkia na kumpa habari kwamba nimejiandikisha, aliitikia marahaba, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na huo mlima umekukosea nini?"

Kabla ya kukata tamaa au kujipa moyo, piga hesabu, na usianze na kilomita. Anza na jumla ya mita za kupanda, ambazo waandaaji huziandika karibu na masafa. Watu wa mbio hizi huhesabu kila mita 100 za kupanda kuwa sawa na kilomita moja ya ziada, kwa hiyo mbio za kilomita 45 zenye mpando wa mita 2,800 ni kazi ya kilomita 73. Halafu tumia kanuni ambayo Mskoti William Naismith aliiweka mwaka 1892 na ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo: mtembeaji mzuri huenda takriban kilomita 5 kwa saa, na huongezewa saa moja kwa kila mita 600 anazopanda. Kwa mbio za mfano huo, hesabu inatoa saa 13 na dakika 40. Linganisha na muda wa mwisho uliowekwa na waandaaji. Wakiwa wametoa saa 12, basi unatakiwa kuwa mwepesi kidogo tu kuliko mtu anayetembea bila kusimama, jambo ambalo mtu mwenye afya na miezi kadhaa mbele yake analiweza. Ikiwa uliyobonyeza ni Tor des Géants ya Bonde la Aosta, yenye kilomita 330, mpando wa mita 24,000 na kikomo cha saa 150, basi mimi si mtu wa kukushauri.

Hesabu hiyo ndiyo inayomdanganya mtu wa pwani, kwa sababu inamfanya awaze kupanda tu. Ni kweli kwamba kwenye mwinuko wa mita 2,400 shinikizo la hewa limepungua kwa takriban robo, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni pungufu, na siku za mwanzo utahema hata ukibeba mashuka kwenda ghorofani. Lakini ukikaa na kufanya kazi huko kwa wiki kadhaa, mwili huzoea kwa kiasi kikubwa, na kwenye mpando mkali karibu kila mtu anatembea, mikono magotini au juu ya fimbo, hata waliokuja na nguo za bei. Kwenye kupanda, ukichoka unapunguza mwendo na mambo yanaendelea. Kwenye kushuka huna nafasi hiyo.

Unaposhuka, misuli ya mbele ya mapaja inafanya kazi ya breki, yaani inavuta huku ikirefushwa, na uvutaji wa namna hiyo huchana nyuzi ndogondogo za misuli kuliko kazi ya kupanda. Maumivu yake hayaji palepale. Huanza taratibu, yakafikia kilele siku ya pili au ya tatu, ndiyo maana mtu hushuka mlima akicheka na kuamka kesho yake amekuwa mzee. Baada ya mteremko wangu wa kwanza wa maana, asubuhi niliyotumwa stoo ya chini kuchukua vikombe, nilizishuka ngazi kinyumenyume, mkono mmoja ukishika reli na mwingine ukikumbatia trei, na mpishi mkuu alisimama mlangoni akinitazama bila kusema kitu hadi nilipofika chini, kisha akaniagiza nirudi nikalete na sahani. Mashindanoni hali hiyo haingoji kesho. Mtu aliyeshuka mita 1,000 kwa kasi asubuhi hupanda mlima wa pili akiwa na mapaja yanayotetemeka, na mteremko wa mwisho, ambao kwenye ramani unaonekana kama zawadi, ndio unaomkalisha chini.

Habari njema ni kwamba misuli hujifunza haraka. Mteremko mmoja mgumu huipa kinga inayodumu wiki kadhaa, hata ule wa pili ukaumiza kidogo kuliko wa kwanza. Kwa hiyo huhitaji kushuka kila siku. Unahitaji miteremko michache mirefu iliyopangwa vizuri, na ule mgumu wa mwisho uwe wiki mbili au tatu kabla ya mashindano. Ikiwa uko Alpi tayari na unabanwa na zamu, tumia kile kibanda kinachoning'inia kwenye waya kupandisha watalii: panda nacho, kisha shuka kwa miguu. Wenyeji watakushangaa, kwa kuwa wao hufanya kinyume ili kuyanusuru magoti, lakini wewe kupanda utajifunza siku nyingine. Hatua ziwe fupi na za haraka, magoti yamelegea kidogo, macho yakitazama mita kadhaa mbele badala ya vidole vya miguu, na usiegemee nyuma, kwa sababu anayeegemea nyuma ndiye anayeteleza.

Tatizo hasa ni la yule aliyerudi nyumbani kati ya msimu na msimu, hoteli zikiwa zimefungwa, na mashindano yanamngoja. Malindi ni tambarare. Wengi hukimbilia matuta ya mchanga ya Mambrui, nami niliyatumia pia, na kwa kupanda ni mahali pazuri sana, maana mchanga unakurudisha nyuma kila hatua. Kwa kushuka, hata hivyo, ni hadaa: mchanga unapokea uzito wako, mapaja hayavunji mwendo, na unarudi nyumbani ukijiona hodari. Korongo la Nyari kule Marafa lina ardhi ngumu na vijia vya kuteremka, ila ni vifupi, na jua la saa sita mle chini halina huruma, kwa hiyo nenda alfajiri na umchukue kijana wa pale akuongoze. Mjini, ngazi za jengo la ghorofa nne zinashinda vyote viwili, mradi uombe ruhusa kwa mlinzi na uvumilie maswali yake: panda polepole, shuka kwa mwendo wa haraka uliouzoea, rudia. Ukiwa na nauli na siku mbili za nafasi, panda basi hadi Voi, kisha gari la Wundanyi, ukaitafute Vuria katika milima ya Taita, ambayo kilele chake kinakaribia mita 2,200. Hapo mtu wa pwani anapata mteremko wa kweli.

Baridi nayo isikupite hivihivi. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za mwinuko, hivyo bondeni kwenye mita 1,200 kukiwa na nyuzi 15, juu kwenye mita 2,500 ni kama nyuzi 6 au 7, bado upepo hujauhesabu. Sisi tumezoea mji ambao hata Julai usiku ni nadra kushuka chini ya nyuzi 20. Koti lisilopenya mvua, blanketi la karatasi ya fedha, filimbi na taa ya kichwani viko kwenye orodha ya lazima ya mashindano mengi, na ukaguzi hufanywa kweli. Fulana ya pamba iache hotelini. Ikishalowa jasho, kileleni inakugandisha. Viatu, nunua vyenye meno, uvivae kazini kwa muda kabla ya siku yenyewe.

Kuhusu chakula, mwili unahitaji takriban gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, na tende sita za kawaida hukufikisha kwenye kiwango cha chini. Beba zako za kutosha. Vituo vya huduma huko Italia huweka jibini, mikate, supu na soseji kavu, na nyama hiyo kwa kawaida ni ya nguruwe, kwa hiyo Mwislamu aulize hata juu ya supu. Kunywa kwa kiu. Anayejimwagia maji tumboni kwa hofu hupunguza chumvi ya damu, na hilo ni hatari kuliko kiu yenyewe.

Mambo ya makaratasi yanaanza mapema kuliko mazoezi. Italia hudai cheti cha daktari wa michezo kwa mashindano ya namna hii: utapimwa mkojo, utapuliza kwenye mashine ya mapafu, na moyo utasomwa kabla na baada ya kupandishwa na kushushwa kijukwaa kidogo. Cheti hudumu mwaka mmoja, na foleni ya miadi inaweza kuwa ndefu. Nunua bima inayotaja uokoaji wa milimani, kwani mikoa kadhaa ya kaskazini humtoza aliyebebwa na helikopta bila kuwa na jeraha. Mweleze mwajiri mapema na uombe siku mbili za mapumziko baada ya mashindano, si moja kabla, maana siku ya pili ndiyo hutaweza kubeba trei. Kwa mfanyakazi wa msimu goti likiteguka Julai, hela ya kutuma nyumbani imekatika, na hilo ndilo ningelipima kuliko aibu ya kujitoa.

Wiki sita kabla, jipime: shuka mita 1,000 kwa mkupuo mmoja, kisha kesho yake ushuke ngazi za kazini. Ukiweza kuzishuka ukitazama mbele, endelea na maandalizi. Ukishindwa, waandikie waandaaji wakuhamishie masafa mafupi ya mashindano hayohayo. Wengi huruhusu kabla ya tarehe waliyoiweka, na namba utakayoibandika kifuani itakuwa na rangi nyingine tu.