Kifua Kinachobana Saa Kumi Alfajiri

Kwa karibu miaka miwili, kilichoniamsha si kengele ya simu bali kikohozi cha kijana wangu mwenye pumu. Saa tisa, saa kumi alfajiri, kikohozi kikavu, kisha ule mluzi mwembamba kifuani kila anapotoa pumzi, nami gizani napapasa inhela ya bluu, ile dawa yake ya kuvuta, dirishani. Mchana huyo huyo anacheza mpira hapa mtaani Umoja, Nairobi, na wenzake bila shida. Mama yangu alisema ni baridi ya usiku, nimfunge skafu. Nilimfunga, na bado alikohoa.

Siku moja kliniki muuguzi aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mama, huwa kinambana saa ngapi?" Nilipomjibu, alichukua kalamu akanichorea mti uliopinduliwa. Shina ni koromeo la hewa. Linagawanyika matawi mawili, kila tawi linagawanyika tena, karibu mara 23, mpaka kwenye vifuko vidogo ambako oksijeni huingia damuni. Kuta za matawi hayo zina misuli, na misuli hiyo hatuiamrishi sisi. Neva ya vagasi, inayoshuka kutoka ubongoni, huiambia ikaze. Adrenalini, homoni iliyo kwenye damu, huiambia ilegee.

Usiku adrenalini hushuka, na kotisoli, homoni inayotuliza uvimbe, nayo huwa chini. Neva ya vagasi ndiyo inayotawala. Kwa mtu mwenye afya mirija hupungua kidogo tu, wala hajui. Kwa mwenye pumu, ambaye kuta zake tayari zimevimba na zina makohozi mazito, hapo ndipo shida inapoanza. Mrija ukibaki nusu ya upana wake, ugumu wa kupitisha hewa hupanda mara 16. Niliposikia hesabu hiyo nililia palepale, kwa sababu nilielewa mtoto wangu alikuwa akipigania nini wakati mimi namwambia atulie alale.

Kosa langu lilikuwa kutegemea ile ya bluu peke yake. Salbutamoli, dawa iliyo ndani yake, huigiza adrenalini: hulegeza misuli ndani ya dakika chache, kisha baada ya saa nne hadi sita nguvu yake imekwisha. Uvimbe haiugusi. Kinachotuliza uvimbe ni inhela ya steroidi, kwetu ile ya kahawia, na hiyo hutumiwa kila siku hata mtoto akiwa mzima, kwa kipimo alichoandika daktari. Haimfanyii kitu usiku ule ule. Inachukua siku, hata wiki. Wazazi wengi huiacha hapo, wakidhani haifanyi kazi. Nakuomba usiiache.

Pia nilikuwa nampulizia vibaya, dawa yote ikiishia ulimini. Kama huna pesa ya spesa, kile kichupa cha kupulizia kinachochomekwa kwenye inhela, chukua chupa safi ya plastiki ya nusu lita. Toboa kitako kwa umbo la mdomo wa inhela, iingie kwa kubana kabisa bila kuvujisha hewa. Tikisa inhela, mtoto atie mdomo wa chupa kinywani, abane midomo, ubonyeze mara moja tu, kisha avute na kutoa pumzi polepole mara tano au sita. Ndipo ubonyeze ya pili. Chupa ioshe kwa sabuni ya vyombo na uiache ijikaushe. Ukiifuta kwa kitambaa, dawa itanata kwenye plastiki. Baada ya ile ya kahawia, asukutue mdomo na kutema, asije akaota utando mweupe.

Kuhusu jiko la makaa sina maneno ya upole. Julai Nairobi ni baridi, naelewa, lakini usiliingize chumba anacholala mtoto. Moshi huchokoza mirija ile ile, na hewa yenye sumu ya makaa huua hata wasio na pumu. Nilizungumza na jirani yangu aliyekuwa akiwashia lake koridoni, na sasa analiwasha nje.

Na kuna usiku wa kutongoja. Akishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, ngozi ikiingia katikati ya mbavu anapovuta hewa, midomo ikigeuka rangi, au inhela ya bluu isipomsaidia, mpeleke hospitali. Mluzi ukinyamaza ghafla huku bado anahangaika, usidhani amepata nafuu: hewa imekuwa kidogo kiasi kwamba haitoi hata sauti. Mketishe wima, usimlaze, na endelea kumpa ile ya bluu kwa chupa njia nzima mpaka mlangoni pa hospitali.