Waanze na daftari la jabia

Mmeuliza: je, kisomo cha watu wazima kinaweza kukifanya kijiji kijiletee mabadiliko chenyewe? Kinaweza, ila inategemea mnasoma nini.

Huku kwetu kisiwani Pate, Lamu, pwani ya Kenya, mama zetu wengi huhesabiwa kuwa hawajui kusoma. Wamepita chuoni, yaani madrasa, Kurani wanaisoma, na wapo wanaoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama walivyoandika mabibi zao. Zinazowatatiza ni herufi za Kirumi, ndizo za risiti, fomu za basari na kumbukumbu za mikutano. Mwalimu akiwaanzishia a, e, i, o, u kama watoto wa chekechea, darasa litabaki na viti. (Hawatamwambia. Watasema kuna arusi.)

Darasa letu la ngumbaru, yaani kisomo cha watu wazima, lilichangamka siku mwalimu alipoweka kitabu kando akaomba daftari la kamati ya jabia. Kwa wasioijua, jabia ni birika kubwa la kuvunia maji ya mvua. Visima vyetu vingi vina chumvi. Wakasoma mstari kwa mstari: saruji, chokaa, nauli ya mashua, vibarua. Shangazi yangu akatia kidole kwenye karatasi: “Mwalimu, saruji hii mbona imenunuliwa mara mbili, na ufa uko pale pale?”

Ijumaa baada ya swala, swali likawa limefika barazani. Hakuna aliyeshtakiwa. Mweka hazina alibadilishwa, akina mama wakaingia kwenye kamati, na ufa ukazibwa kabla ya masika. Siku hizi hesabu hubandikwa ukutani. Mfadhili hakuwepo, mheshimiwa hakuwepo.

Lamu nzima iliona kwa ukubwa zaidi uzito wa karatasi wasiyoweza kuisoma wenyeji, katika mpango wa kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe huko Kwasasi. Juni 2019 jopo la kitaifa la kuamua kesi za mazingira lilifuta leseni yake, sababu mojawapo ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ripoti ya athari za mtambo kwa mazingira ilikuwa nene, ya kitaalamu, kwa Kiingereza. Utamshirikisha nani kwa hiyo?

Wanaume ndio wagumu, maana wako baharini. Lakini kusi likivuma bahari huchafuka na wengi hushinda barazani. Hapo ndipo pa kuwafungulia darasa, na somo la kwanza liwe sheria ndogo za kikundi chao cha usimamizi wa ufuo. Wengi wao wameshazipigia dole gumba.