Picha ya kichwa ni safi, mbona mkono haunyanyuki?

SWALI: Shikamoo Daktari. Baba yangu ana miaka 61, ni fundi cherehani huku Mbagala. Saa 11 alfajiri alikuwa anatawadha, kopo likamponyoka, mdomo ukaenda upande. Mama akasema ni upepo mbaya, akamchua kwa mafuta ya nazi mpaka kukakucha. Hospitali tulifika saa 4 asubuhi. Akapigwa picha ya sitiskani (CT scan) ya kichwa, tukaambiwa ni safi, lakini akalazwa kwa kiharusi. Ameruhusiwa, ila mkono wa kulia haunyanyuki. Je, picha tuliilipia bure? Na jirani anadai Ulaya damu iliyoganda huvutwa kwa waya. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpe pole mzee.

Hamkulipia bure. Kiharusi huja kwa mshipa kupasuka au kuzibwa na damu iliyoganda, na kwa kumtazama mgonjwa tu hata mimi siwezi kukuambia ni kipi. Damu iliyomwagika huonekana nyeupe pichani papo hapo. Ubongo ulionyimwa damu huchukua saa kadhaa kabla haujaonyesha weusi. Kwa hiyo "safi" ilimaanisha hakuna damu iliyomwagika, yaani mshipa wake uliziba, haukupasuka. Ingekuwepo, aspirini, wanayopewa walioziba mshipa, ingemdhuru. Walipaswa kukueleza. Hilo neno "safi" limeshachanganya wengi.

Jirani hajakudanganya. Tafiti za mwaka 2015, ule wa Uholanzi ukitangulia, zilimaliza ubishi kama kuivuta damu hiyo kunasaidia. Mgonjwa hupigwa picha nyingine huku dawa ya kuonyesha mishipa ikipita mwilini, ionekane ateri kubwa imezibwa wapi. Kisha mrija mwembamba huingizwa kinenani, ukapandishwa hadi kichwani. Kijiwavu cha waya hufunguka ndani ya bonge la damu iliyoganda, husubiriwa dakika chache linase, halafu vyote huvutwa pamoja. Niliwahi kuonyeshwa bonge moja juu ya shashi: jekundu, halizidi punje ya mchele. Hilo ndilo lililomnyamazisha mtu mzima.

Mishipa midogo haifikiwi hivyo. Na saa haisubiri: kwa kawaida ni ndani ya saa 6 tangu dalili zianze, hadi 24 kwa wachache ambao picha inaonyesha bado kuna ubongo wa kuokoa. Dawa ya kuyeyusha damu kwa kawaida ina saa 4 na nusu tu. Nyinyi mlifika saa 5 nzima zikiwa zimepita tangu kopo limponyoke. Mama asilaumiwe, hata wangu angeanza na mafuta.

Presha ipimwe, dawa asiache, na mazoezi ya viungo yaanze wiki hii. Nyumbani mpe vifungo na vitambaa vyake avishikeshike kwa mkono huohuo.