Kufungua na kuonja Haut-Médoc ya 2010: mashapo, joto na hewa

Mkuu, umeuliza kuhusu chupa ya Haut-Médoc ya 2010, mvinyo mwekundu wa Bordeaux, Ufaransa, wa daraja la cru bourgeois (mashamba ya Médoc yasiyomo kwenye madaraja makuu), uliyoinunua kwa euro 18: uifungue vipi, na utajuaje kama mvinyo bado mzima au umeshapitwa na wakati. Mdau mmoja amekushauri uumimine kwenye jagi saa tatu kabla ya kunywa. Usifanye hivyo. Ushauri huo unafaa mvinyo mchanga wenye tanini kali, yaani ule ukavu wa maganda ya zabibu unaokaza mdomo. Huu wako umekaa miaka mingi na harufu zake ni nyepesi, kwa hiyo hewa nyingi itaziondoa kabla hujakaa mezani.

Bei isikutie shaka. Haut-Médoc iko kaskazini ya jiji la Bordeaux, ukingo wa kushoto wa mlango wa mto Gironde, ambako zabibu za Cabernet Sauvignon hupandwa kwenye changarawe na kuchanganywa zaidi na zile za Merlot. Bei kubwa hubebwa na mashamba yaliyopangwa kwa madaraja mwaka 1855, na cru bourgeois ni majirani zao. Mwaka 2010 kiangazi kilikuwa kikavu na usiku ulikuwa wa baridi, zabibu zikaiva zikiwa na tanini nyingi bila kupoteza uchachu. Vitu hivyo viwili ndivyo vinavyoubeba mvinyo wa bei hii hadi miaka 15. Kama ingekuwa 2013, mwaka wa mvua na zabibu zisizoiva vizuri, ningekwambia chupa ya namna hii ilipaswa kunywewa zamani. Maneno "Grand Vin de Bordeaux" kwenye lebo yasikubabaishe, hayo si daraja la ubora.

Kabla ya kufungua, inua chupa mbele ya taa uangalie mvinyo umefika wapi. Kwa umri huu unapaswa kuwa bado ndani ya shingo. Ukiwa umeshuka hadi katikati ya bega, kizibo kimepitisha hewa. Tazama pia kama kizibo kimejisukuma juu au kuna utando unaonata chini ya kifuniko cha bati. Hiyo ni dalili ya joto, na ni jambo la kuangaliwa sana kwa chupa iliyokaa duka lisilo na kiyoyozi Dar au Mombasa. Mvinyo uliopigwa na joto hunuka jamu iliyochemshwa, na hauponi.

Simamisha chupa wima saa 24, siku mbili ikiwezekana. Ndani kuna mashapo: tanini na rangi zilizoungana kwa miaka zikawa nzito na kuzama. Hayana madhara, lakini yakichanganyika yanaleta uchungu na kufunika kila kitu kingine, na wengi huishia kuulaumu mvinyo.

Joto la kunywea ni nyuzi 16 hadi 18. "Joto la chumba" linalosemwa vitabuni ni la vyumba vya Ulaya vya zamani, siyo sebule yenye nyuzi 29. Kwenye nyuzi 25 kilevi kinapanda puani na tunda linapotea. Chini ya 14 tanini inakaza ufizi. Kwa chupa iliyo na joto la sebule, weka friji kama saa moja ikiwa imesimama vilevile, kisha ipime kwa kuonja. Ikiwa baridi kidogo si tatizo, itapata joto ndani ya glasi.

Kizibo cha miaka 15 kinaweza kukatika. Kata bati chini ya mdomo wa chupa, futa ukungu kwa kitambaa chenye unyevu, ingiza skrubu katikati kabisa na uvute polepole bila kutikisa. Kizibuo cha bapa mbili ni salama zaidi: ingiza bapa refu kwanza kati ya kizibo na kioo, kisha fupi upande wa pili, yumbisha kushoto na kulia hadi zizame, halafu zungusha huku ukivuta. Kizibo kikivunjika na vipande kuanguka ndani, chuja kwa chujio la chai la chuma. Kitambaa hapana, kinaacha harufu ya sabuni.

Mimina kwenye jagi la kioo kwa mkono mtulivu, mara moja bila kusimama, tochi ya simu ikimulika chini ya shingo. Uzi mweusi wa mashapo ukifika begani, acha. Unapoteza mililita 30 hadi 50 tu. Jagi hapa kazi yake ni kutenga mashapo. Anza kuonja papo hapo.

Weka mililita 60 hivi kwenye glasi yenye tumbo pana. Iinamishe juu ya karatasi nyeupe: katikati utaona wekundu wa komamanga, ukingoni rangi ya tofali. Ukingo wa tofali ni umri tu. Ukahawia uliotawala hadi katikati ndio wa kutilia shaka.

Nusa kwanza bila kuzungusha. Hapa ndipo watu hukosea zaidi, kwa sababu mvinyo wa zamani mara nyingi hutoka na harufu nzito ya kufungiwa, kama stoo. Subiri dakika 15. Harufu hiyo ikififia na nyuma yake zikaja plamu kavu, tumbaku, mbao ya mwerezi, ngozi na majani makavu, mvinyo ni mzima. Ikibaki au kuongezeka, na ikafanana na boksi lililolowa, hiyo ni TCA, kemikali inayotoka kwenye kizibo. Haina dawa, rudisha chupa dukani. Harufu ya zizi la farasi ni chachu ya Brettanomyces. Kidogo inavumilika Bordeaux, ikifunika tunda ni kasoro. Harufu ya siki au ya rangi ya kucha maana yake mvinyo umeharibika.

Kinywani, chukua kidogo, vuta hewa juu yake, zungusha hadi kwenye ufizi. Uchachu unaupima kwa mate yanayotoka pembeni mwa ulimi, tanini kwa ukavu wa ufizi na mashavu. Swali kubwa ni kama kati ya hivyo viwili bado kuna tunda. Likiwepo, na ladha ikabaki zaidi ya sekunde kumi baada ya kumeza, umepata chupa nzuri kuliko bei yake. Ukibaki ukavu na uchachu mtupu, mvinyo umekauka, na hewa hairudishi tunda lililokwisha.

Onja tena baada ya dakika 20, kisha baada ya saa moja. Kula na mbuzi wa kuchoma mwenye chumvi tu: mafuta na protini hulainisha tanini, wakati pilipili huongeza ukali na kachumbari yenye siki huua tunda.

Kama hamtamaliza, jaza chupa ndogo ya mililita 375 hadi juu kabisa mara tu baada ya kutenga mashapo, ifunge na uiweke friji. Hiyo inywe kesho yake. Kilichobaki kwenye jagi hakifiki asubuhi kikiwa na ladha ya maana.