Jaane Bhi Do Yaaro: marehemu anayegombewa na wote

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilimtaka msomaji ataje filamu moja ya zamani ya vichekesho ambayo angemshauri kijana wa leo aitazame, na aeleze sababu zake. Jibu langu ni Jaane Bhi Do Yaaro, filamu ya Kihindi ya mwaka 1983 iliyoongozwa na Kundan Shah. Asiyetaka kujua mwisho wake kabla ya kuitazama na aishie hapa, kwa kuwa siwezi kuisifu bila kueleza jinsi inavyomalizika.

Watu wa pwani yetu hawahitaji kufundishwa kupenda filamu za Kihindi, lakini nyingi tulizozizoea ni zile za nyimbo, machozi na ndugu waliopoteana utotoni. Hii haina hata wimbo mmoja wa mapenzi. Iligharimiwa na shirika la serikali ya India la kuendeleza filamu, kwa bajeti ya takriban rupia laki 7 tu, na ikachezwa na waigizaji waliotoka kwenye jukwaa la tamthilia na kwenye chuo cha filamu cha Pune: Naseeruddin Shah, Om Puri, Pankaj Kapur, Satish Shah, na Ravi Baswani ambaye uchezaji wake humu ulimpa tuzo ya Filmfare ya mchekeshaji bora. Ufinyu wa fedha unaonekana wazi, na kwa maoni yangu umeifaa hadithi, maana wahusika wakuu wenyewe ni vijana wawili wasio na kitu.

Vijana hao, Vinod na Sudhir, wanafungua studio ya kupiga picha mjini Bombay na wateja hawaji. Kazi wanayoipata ni ya kumpigia picha za siri Shobha Sen, mhariri wa gazeti la Khabardar, ambaye anataka kufichua uhusiano wa kamishna wa manispaa, D'Mello, na mkandarasi tajiri aitwaye Tarneja. Mkandarasi mwingine, Ahuja, naye anamnyemelea kamishna huyohuyo. Siku moja vijana wanapiga picha nyingi za mjini kwa ajili ya shindano, na wanapozisafisha na kuzikuza wanagundua kwamba nyuma ya moja yake kuna mtu anauawa, na muuaji ni Tarneja. Wanaoijua Blow-Up, filamu ya Michelangelo Antonioni ambamo mpiga picha anagundua mauaji bustanini kwa kuzikuza picha zake, watatabasamu hapa, kwa sababu Kundan Shah hakuficha deni lake: bustani ya mauaji katika filamu yake ameipa jina la Antonioni.

Aliyeuawa ni kamishna D'Mello, na hapo ndipo filamu inapopata nguvu zake. Akiwa hai, D'Mello ni mla rushwa wa kawaida, mtu mwenye majivuno ambaye amerudi kutoka Marekani akiwa na mafunzo mawili tu, moja kuhusu mifereji ya maji machafu na jingine kuhusu ustaarabu wa kula keki kidogo na kutupa iliyobaki. Akishakufa, anakuwa mtu muhimu kuliko wote. Tarneja anataka maiti isionekane kamwe. Ahuja anaitaka ili ammalize Tarneja. Shobha anaitaka ili apandishe bei ya ukimya wake. Na vijana wetu, peke yao katika jiji zima, wanaitaka kama ushahidi wa kupeleka kwa polisi. Kila mtu anamwita marehemu kwa heshima na kila mtu anamburura. Wakubwa wanaliita daraja jipya kwa jina lake, na daraja hilo linaporomoka.

Mtazamaji wa Bombay wa wakati ule hakuhitaji maelezo. Saruji ilikuwa bidhaa ya mgao wa serikali, na Januari 1982 waziri kiongozi wa jimbo la Maharashtra alikuwa amejiuzulu kwa kashfa ya wajenzi kupewa saruji nje ya mgao baada ya kuchangia mifuko ya fedha aliyoianzisha. Filamu haimtaji mtu yeyote wala haihubiri. Inachofanya ni kuichukua biashara ile kama ilivyo na kuisogeza hatua moja mbele, halafu hatua nyingine, hadi mtazamaji asijue tena ni wapi habari za gazetini zilipoishia na upuuzi ukaanzia.

Onyesho linalosifiwa zaidi ni la karibu na mwisho, ambapo maiti imevishwa sari na kusukumwa jukwaani katikati ya mchezo wa Mahabharata, utenzi mkuu wa kale wa India, mahali pa Draupadi, malkia ambaye katika utenzi huo anaburutwa barazani ili avuliwe nguo mbele ya watu baada ya mmoja wa waume zake kumpoteza kwenye kamari. Wanaoifukuzia maiti wanavamia jukwaa wakiwa na mavazi ya mashujaa. Wachezaji wanatangaziwa ghafla kwamba wazo la kumvua Draupadi limeachwa. Ahuja, ambaye sasa ni Bhima, mmoja wa waume wa Draupadi, mwenye miwani ya jua, anadai kwamba wote ni wanahisa wa Draupadi. Na mfalme kipofu anaendelea kuuliza kuna nini kinachotendeka. Ni onyesho la ajabu kweli. Hata hivyo, mimi nalipenda zaidi lile fupi la usiku, ambapo Ahuja huyohuyo, anayechezwa na Om Puri, akiwa amelewa chakari, analikuta jeneza la D'Mello barabarani na kuamini kwamba ni gari lililoharibika na kwamba aliyelala ndani ni dereva mwungwana anayehitaji msaada. Anazungumza naye kwa upole, anamlaumu kidogo kwa kutojibu, kisha anamfungia kamba na kumvuta hadi nyumbani. Katika filamu nzima hakuna mtu mwingine anayemtendea D'Mello wema usio na faida, na anayefanya hivyo hajui anachofanya.

Sababu yangu kubwa ya kuichagua ni kwamba inamnyima mtazamaji mahali pa kujificha. Vichekesho vingi vinavyowasema wakubwa humwachia mtu mmoja safi, mwandishi wa habari jasiri au hakimu mwenye msimamo, ili sisi tukae upande wake na kuwacheka wengine kwa raha. Hapa mwandishi wa habari ndiye anayeuza ukweli kwa bei ya juu kuliko wote, na polisi anakuwa dalali wa mapatano. Wakubwa wanakubaliana, na kosa la kuporomoka kwa daraja wanatwishwa wapiga picha wawili. Tunawaona mara ya mwisho wakitembea barabarani na sare za wafungwa, huku ukisikika wimbo ambao wao wenyewe waliuimba kwa bashasha, ule wa kwamba siku moja tutashinda. Wanaigeukia kamera na kuonyesha ishara ya shingo kukatwa. Nawajua watu wanaoulalamikia mwisho huo kwamba ni mchungu mno kwa filamu ya kuchekesha. Nadhani mwisho mwingine wowote ungeyafanya yote yaliyotangulia kuwa uongo.

Haikosi kasoro. Nusu saa ya kwanza inajivuta, na Neena Gupta, msichana wa upande wa Tarneja, hakupewa kazi inayolingana na uwezo wake. Lakini kijana atakayeitafuta ningemwomba aianze mwanzo na asitosheke na vipande vifupi vinavyozunguka kwenye simu, kwa kuwa onyesho la Mahabharata likikatwa na kutazamwa peke yake ni vurugu ya watu wenye ndevu za bandia tu, wala halimwambii kwa nini kila mmoja pale jukwaani anaung'ang'ania mkono wa marehemu.