Chupa iliyozibwa na karatasi iliyo juu yake

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni wafanyabiashara gani waliochangia zaidi kuzaliwa kwa sheria za alama za biashara. Wengi watawataja watengeneza bia wa Uingereza, kwa kuwa pembetatu nyekundu ya kampuni ya bia ya Bass ndiyo iliyotangulia katika daftari la alama za biashara la nchi hiyo. Mimi nawataja watengeneza marashi wa Cologne, Ujerumani, ambao walikuwa wakishtakiana muda mrefu kabla ya daftari hilo kufunguliwa.

Johann Maria Farina, Mwitaliano aliyehamia Cologne mwanzoni mwa karne ya 18, alitengeneza marashi mepesi yanayonukia machungwa na malimau, akayaita kwa jina la mji uliompokea: Eau de Cologne, yaani maji ya Cologne. Hapo alijichongea mwenyewe, maana jina la mji ni la kila mkazi wake. Tena mnunuzi wa London hawezi kuinusa chupa iliyozibwa, hivyo anachokiamini ni maandishi yaliyo juu yake; aliyetaka kughushi hakuwa na haja ya kuijua siri ya mchanganyiko, ilimtosha karatasi inayofanana.

Kampuni ya Farina ikashikilia jina la ukoo, na wapinzani wakalifuata hukohuko. Mwaka 1803 Wilhelm Mülhens alinunua haki ya kulitumia kutoka kwa Carlo Francesco Farina wa Bonn, ambaye hakuwa na udugu wowote na familia ya mgunduzi, kisha naye akawauzia wengine. Ujanja huu uliwasumbua mahakimu kwa sababu mtu kutumia jina lake halisi si kosa. Farina wa awali wakaongeza anwani, "gegenüber dem Jülichs-Platz", yaani mkabala na uwanja wa Jülich, ili ijulikane ni Farina yupi anayezungumziwa.

Kesi ninayoiona nzito kuliko zote ni ile ya Farina dhidi ya Silverlock, iliyosikilizwa London. Silverlock hakuuza hata tone la marashi. Alikuwa mpiga chapa aliyechapisha lebo zinazofanana na za Farina na kuziuza. Mahakama ya kwanza ilimzuia, lakini mwaka 1856, katika rufaa, jaji Lord Cranworth aliliondoa zuio hilo hadi shauri liamuliwe, akiona kwamba lebo hizo zingeweza kununuliwa kihalali, mathalani na mwenye duka ambaye chupa zake halisi zimechakaa karatasi. Hoja hiyo hainishawishi, kwani sijui duka lenye chupa chakavu nyingi kiasi cha kumpa mpiga chapa kazi ya kudumu. Hata hivyo, ililazimisha swali ambalo sheria haikuweza tena kulikwepa: udanganyifu huanzia kwenye chupa au kwenye mtambo wa kuchapa?

Ujerumani ilitunga sheria ya kulinda alama mwaka 1874. Warithi wa Mülhens walisajili kama alama yao namba ya nyumba yao ya mtaa wa Glockengasse, 4711, mwaka uliofuata, na mwaka 1881 mahakama ikawavua jina la Farina. Chupa yao ninayo mezani: lebo ya buluu na dhahabu, namba katikati ikiwa kubwa kuliko neno lolote, na chini yake, kwa herufi ndogo, jina la mji ambalo hakuna kampuni iliyofaulu kulifanya lake peke yake.